Saa mbili kavu au dakika 90 na nyongeza: mchezo mrefu wa sataranji uchezwe vipi?

Kikao chetu cha sataranji hapa Mwanga, Kigoma, kilivunjika Jumapili bila mwafaka, na safari hii ugomvi haukuwa wa hela. Tulishindwa kukubaliana jambo moja tu: mashindano yajayo yachezwe kwa saa mbili kavu kila mchezaji, au kwa dakika 90 na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua. Nusu walitaka hivi, nusu vile, na mwenye ukumbi akawa anataka funguo zake. Basi nayamalizia hapa niliyokatishwa pale, kwa faida ya anayepanga mashindano na ya mchezaji anayejiuliza aingie yapi.

Kwa asiyeijua mifumo hii, saa mbili kavu maana yake unapewa dakika 120 za mchezo mzima. Zikiisha zimeisha, umefungwa, hata kama ubaoni unaongoza kwa malkia mzima. Nyongeza ni hivi: unaanza na dakika 90, lakini kila hatua unayocheza inakuletea sekunde 30. Ukicheza kwa sekunde tano umevuna 25. Ukifikiri dakika nzima, umekula sekunde 30 tu za akiba yako.

Nianze na hesabu, maana pale kikaoni kila mtu alikuwa na yake. Kwenye hatua ya 60 mifumo hii inalingana sawasawa: nusu dakika mara 60 ni dakika 30, jumlisha 90, unapata 120. Kabla ya hapo kavu ndiyo yenye ukarimu. Ukifika hatua ya 40, mwenye kavu amekuwa na dakika 120 za kutumia na mwenye nyongeza 110. Baada ya hapo mambo yanageuka. Hatua ya 100, mwenye nyongeza amepewa dakika 140. Hatua ya 136, dakika 158. Mwenye kavu bado ana zilezile 120 alizoanza nazo asubuhi. Michezo mingi huisha kabla ya hatua ya 60, kwa hiyo anayekuambia mfumo mmoja ni wa haraka kuliko mwingine hajakaa na kalamu. Tofauti iko kwenye ule mchezo mmoja unaokataa kuisha, wengine wote wameshakwenda kunywa chai, nyinyi wawili bado mmeinamia ubao.

Askari wangu alibakiza mraba mmoja

Mwaka jana nilicheza kwa saa mbili kavu na kijana mmoja, fundi simu wa Ujiji. Tulikuwa tumepita hatua ya 70. Mimi nina ngome na askari aliyefika mstari wa saba, na mfalme wangu amekaa mbele yake, kwenye mraba ambao askari angegeukia malkia. Yeye amebaki na ngome tupu, na mfalme wake amefungiwa upande wa pili na ngome yangu. Aliyejifunza michezo ya mwishoni anaijua hali hii, na anajua kuwa ni ya ushindi. Njia yake inaitwa kujenga daraja: unapandisha ngome yako mpaka mstari wa nne, mfalme anatoka mbele ya askari wake, anapigwa cheki (ngome ya adui inamtishia) kutoka mbali, anashuka mstari kwa mstari akiikaribia ngome yake, na kwenye cheki ya mwisho ngome inaingia katikati na kumkinga. Hatua saba au nane, umemaliza.

Nilikuwa nimeiona njia hiyo kitabuni, lakini mkono ulikuwa haujawahi kuicheza. Saa yangu ilikuwa na kama dakika mbili, yake tisa. Nikamtoa mfalme kabla ya kupandisha ngome. Cheki. Nikarudi. Nikamtoa upande mwingine. Cheki. Kijana hakuwa hata na haraka, anacheza huku anatazama saa na wala si ubao. Mkono wangu ulitetemeka hadi ukapiga farasi aliyekwisha kuliwa zamani, akaanguka chini. Nikainama kumwokota, sijui kwa nini, adabu tu. Nilipoinua kichwa bendera ya saa yangu ilikuwa imelala, muda wangu umeisha.

Pembeni alikuwepo mzee mmoja mcheza bao, huja kututazama siku ambazo kijiwe chake hakina watu. Akauliza, "Sasa huyu kijana amekula nini?" Kimya. "Mbona mwenziwe ndiye mwenye kete nyingi?"

Kijana akajibu kwa heshima kabisa, "Mzee wangu, nimemla saa."

Miezi minne baadaye, ukumbi uleule, mashindano ya nyongeza, na mtu mwingine kabisa, ikanijia hali karibu ileile. Hatua ya 91. Nina sekunde 41. Nikakaa nazo 28 nikitazama ubao, na pale ndipo nilipoiona ngome ya mstari wa nne. Nikaicheza, saa ikanirudishia 30. Hatua iliyofuata nikatumia 20, nikarudishiwa 30. Nikawa maskini anayelipwa kwa siku: sina akiba, lakini jioni nakula. Hatua tisa baadaye mpinzani akanyoosha mkono.

Ukweli ni kwamba kati ya siku hizo mbili sikuwa nimejifunza chochote kipya. Ujinga ulikuwa uleule, kilichobadilika ni saa. Hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba mifumo hii inapima vitu viwili tofauti. Kwenye kavu, michezo ya mwishoni lazima uwe nayo mkononi kabla hujatoka nyumbani. Kwenye nyongeza unaweza kuitafuta ukiwa umekaa hapohapo, jasho linakutoka. Chukua mfano mgumu zaidi: kumfungia mfalme aliye peke yake kwa kutumia askofu na farasi. Kazi hiyo huweza kuchukua hadi hatua 33 hata ukicheza bila kosa, na lazima umsukume mpaka kona yenye rangi ya askofu wako. Kwa dakika moja kavu una chini ya sekunde mbili kwa hatua. Kwa nyongeza una 30, kila mara, mpaka mwisho.

Mchezo wa Dubai, uliochezwa kwa mifumo yote miwili

Wanaobisha huwa nawapeleka Dubai, tarehe 3 Desemba 2021, mchezo wa sita wa kugombea ubingwa wa dunia kati ya Magnus Carlsen na Ian Nepomniachtchi. Mitano ya kwanza ilikuwa sare. Huu wa sita ulikwenda hatua 136, saa saba na dakika 45, na ndio mrefu kuliko yote katika historia ya mechi za ubingwa wa dunia. Wa kabla yake ulikuwa wa hatua 124, Korchnoi na Karpov, Baguio mwaka 1978.

Utamu wake kwa ulinganisho wetu ni ratiba ya saa. Kila mmoja alipewa dakika 120 za hatua 40 za kwanza, kisha dakika 60 za hatua 20 zinazofuata, zote kavu. Kuanzia hatua ya 61 wakaongezewa dakika 15 na nyongeza ya sekunde 30. Sasa tazama kilichotokea. Walipokaribia hatua ya 40, muda umewabana, mabingwa hawa wawili walikosea kwa zamu. Nafasi za kushinda zilipita mbele yao zikaachwa. Muda mkavu ulifanya kazi yake hata juu ya watu bora duniani.

Kisha ikaja sehemu ya pili. Carlsen akabaki na ngome, farasi na askari wawili dhidi ya malkia. Kompyuta zinasema ilikuwa sare mpaka zilipobaki hatua chache sana. Yeye akaendelea kusogeza, kusogeza, kama mvuvi anayevuta wavu wa mbali, mpaka mwenzake akakosea. Piga hesabu: toka hatua ya 61 mpaka ya 136 ni hatua 76. Zile dakika 15 zingekuwa kavu, ni chini ya sekunde 12 kwa kila hatua, na malkia anapiga cheki kutoka kila upande. Kwa nyongeza zilimwongezea dakika 38 juu ya zile 15. Ushindi ule ulikuwa wa pumzi na subira, na ni nyongeza iliyompa nafasi ya kuitumia. Akashinda mechi nzima kwa 7.5 dhidi ya 3.5.

Kukaa muda mrefu peke yake si ajabu. Aprili 2024 Mnigeria Tunde Onakoya alicheza saa 60 pale Times Square, New York, akichangisha fedha za elimu ya watoto. Lakini hiyo ni michezo mingi, ukifungwa huu unaanza mwingine. Mchezo mmoja unaovuta ni mateso ya namna yake. Belgrade mwaka 1989, Nikolić na Arsović walicheza hatua 269, zaidi ya saa 20. Wakatoka sare.

Karatasi ya kuandikia hatua

Hili pale kikaoni hakuna aliyeligusa, na mimi naliona ni zito kuliko mengine. Kwa sheria za FIDE, shirikisho la sataranji duniani, ukiwa na chini ya dakika tano na mchezo hauna nyongeza ya angalau sekunde 30, huna wajibu wa kuendelea kuandika hatua. Kwa nyongeza ya sekunde 30 unaandika mpaka mwisho.

Watu wanadhani kutoandika ni nafuu. Subiri mpinzani wako aanze kuzungusha kete bila kula na bila kusogeza askari. Sheria inasema zikipita hatua 50 za kila upande namna hiyo, unaweza kudai sare. Au hali ileile ubaoni ikijirudia mara tatu, unadai pia. Utadai kwa ushahidi gani kama karatasi yako iliishia hatua ya 58? Mwamuzi au msaidizi wake anatakiwa akae awaandikie, lakini nionyeshe mashindano ya huku kwetu yenye waamuzi wa kutosha kila meza. Kwenye kavu, mwishoni, haki yako iko mikononi mwa aliyekuwa akitazama.

Kavu ina kinga moja ambayo wengi hawaijui. Mwandaaji akitangaza mapema kwamba mwongozo wa dakika za mwisho utatumika, mchezaji mwenye zamu aliyebakiza chini ya dakika mbili anaweza kusimamisha saa, akamwita mwamuzi na kudai sare, kwa sababu mpinzani hajaribu kushinda kwa njia ya kawaida au hawezi. Mimi na askari wangu wa mstari wa saba tungepata angalau hiyo nusu pointi. Haikuwa imetangazwa. Nani alijua?

Kucheza kwa ajili ya saa

Ukiingia kwenye kavu, mpango wako wa muda uanze hatua ya kwanza. Mimi sasa najiwekea kwamba nikifika hatua ya 30 niwe bado na nusu ya muda, hata kama nimeacha kutafuta hatua bora na kuchukua iliyo nzuri tu. Dakika kumi ulizotumia hatua ya 14 kuchagua kati ya hatua mbili zinazofanana, utazililia hatua ya 65. Ukiwa na muda mwingi kuliko mwenzako, usimrahisishie kwa kubadilishana kete zote. Mwachie ubao wenye maswali.

Kwenye nyongeza unaweza kufikiri sana katikati ya mchezo, pale penye ugumu wenyewe, ukijua hutakufa njaa. Ila lazima ujue kuvuna. Hila ya kawaida: rudia hali mara moja. Ngome inakwenda, inarudi, umecheza hatua mbili kwa sekunde nne, umeingiza 56. Kisha acha. Ukirudia tena inakuwa mara ya tatu na mwenzako anadai sare, ushindi umeuza kwa dakika moja. Hila hiyohiyo kwenye kavu haina maana, labda uwe na muda mwingi kuliko mwenzako na unataka zake ziungue.

Jambo moja la mifumo yote: mkono unaosogeza kete ndio unaobonyeza saa. Kijana mmoja wetu anacheza kwa kulia na kidole cha kushoto kimelala juu ya saa kama anachunga kuku. Ataonywa, kisha ataadhibiwa, na itakuwa hatua ya 80.

Saa zenyewe

Kavu inachezeka kwa saa ya mishale, ile ya kutia ufunguo. Haitaki betri, haizimiki, na bendera yake inanyanyuliwa na mshale mrefu dakika chache kabla. Kwa mchezo wa saa mbili unategesha mshale mfupi kwenye 4 ili bendera ianguke kwenye 6. Sisi husoma hivyo kama saa kumi na saa kumi na mbili, kwa hiyo kila mchezo wa kavu unaisha jua likizama, angalau kwenye uso wa saa. Ubaya wake ni dakika ya mwisho. Una sekunde 50 au 20? Huoni. Unaona kibendera kinaning'inia.

Nyongeza haiwezekani kwenye saa hiyo, inataka ya dijitali. Bobby Fischer, Mmarekani aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, ndiye aliyeomba hataza ya saa ya namna hii mwaka 1988, na ikatumika kwenye mechi yake na Spassky mwaka 1992. Kabla ya hapo dunia iliishi na kavu na muda wa mafungu ya hatua, kama zile 40 za Dubai, toka saa za mitambo zilipoingia mashindanoni London mwaka 1883. Nyuma zaidi walitumia vioo vya mchanga. Michezo mirefu ilisimamishwa usiku, hatua inafungiwa kwenye bahasha, wanaendelea kesho. Kompyuta zimeiua desturi hiyo, maana nani atalala wakati kompyuta inaweza kumtafutia jibu usiku kucha?

Sisi tuna saa saba za dijitali, mbili zina betri za kubahatisha. Wengine wanasema tutumie programu ya saa kwenye simu. Inafanya kazi, lakini iweke hali ya ndege. Nimeona simu inaita hatua ya 55, shemeji mtu anauliza bei ya dagaa Kibirizi, na saa imejificha nyuma ya jina lake.

Jua la Kigoma

Waandaaji wanapenda kavu kwa sababu moja, na ni sababu ya kweli. Ukianza saa tatu asubuhi, mchezo wa mwisho lazima uishe saa saba mchana, hauna ujanja. Hapa kwetu adhuhuri huingia kwenye saa saba hivi, maana tuko magharibi na jua letu liko karibu dakika 40 nyuma ya la Dar es Salaam. Raundi imeisha, watu wanakwenda kuswali na kula. Unaanza ya pili saa tisa, inaisha saa moja, na jua linazama nyuma ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Kama imepimwa kwa kamba.

Kwa nyongeza, mchezo mmoja wa hatua 100 unaivuta raundi ya asubuhi mpaka saa saba na dakika 40. Wa hatua 136 unagonga saa nane na robo. Mmoja tu unatosha kuwachelewesha wote, na wanaotoka Kasulu wana basi la kuwahi.

Kwa hiyo ushauri wangu unategemea nani anauliza. Wewe ni mchezaji unayejua michezo ya mwishoni kwa mkono, mkono wako mwepesi, hutetemeki? Nenda kavu, utakula watu wengi kama yule fundi simu alivyonila mimi. Wewe ni wa kufikiri, unapenda kusukuma faida ndogo mpaka ikue? Kavu itakuibia, chagua nyongeza na ujifunze kuandika haraka. Unapanga mashindano na una saa za mishale tu? Cheza kavu, lakini tangaza ule mwongozo wa dakika mbili kabla ya raundi ya kwanza, kwa sauti, na ubandike ukutani.

Kwetu sisi wenye saa saba, napiga kura ya nyongeza, raundi moja asubuhi na moja alasiri, tukianza saa mbili kamili badala ya saa tatu. Kuna wenye kupendekeza njia ya kati, ile ya Marekani ambapo saa husubiri sekunde tano kabla ya kuanza kula muda wako. Sioni faida yake kwetu, haivunwi na bado inataka saa za dijitali.

Nimempelekea mwenye ukumbi ratiba hiyo jana. Ameisoma yote, akaniuliza betri atanunua nani, kisha akasema funguo anazitaka saa moja na nusu, mtu awe amekula au hajala.